Mtoto wa Mfano

Siku ya tisa nilimwona mwanangu amelazwa uchi juu ya mizani, mbele ya watu kumi na tisa waliokaa kwenye mabenchi, na mwanamume aliyeshika rula ndefu akiwaambia: "Tazameni ngozi ya paja. Unaivuta hivi, unaiachia. Mnaona inavyochelewa kurudi? Huyu ni mfano mzuri sana."

Mimi nilikuwa nje, dirishani. Hapo ndipo sisi wazazi tulipokuwa tumeruhusiwa kusimama, mara mbili kwa siku, dakika kumi kumi, kama watu waliokwenda kumtazama ndugu yao mahabusu. Kitenge changu kilikuwa kimelowa maziwa kifuani. Mkufunzi akauliza darasa: kitu gani humpunguza uzito mtoto mchanga? Mmoja akasema homa. Mwingine akasema kuharisha. Mkufunzi akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayejua jibu, akageuka, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: UZEMBE WA MAMA.

Sikupiga kelele. Watu walisema baadaye nilipiga kelele, lakini ni uongo. Nilizunguka jengo, nikapita kibao kilichosema viatu vivuliwe na wazazi wasiingie, nikaingia na viatu vyangu na tope lake. Nikamnyanyua mwanangu kutoka kwenye mizani. Alikuwa mwepesi kuliko siku niliyomzaa. Kiti cha karibu kilikuwa cha mkufunzi, nikakikalia. Nikafungua kifua.

"Mama, toka nje," alisema.

"Nitatoka akishiba."

"Unavuruga somo."

"Endelea na somo. Andika na hili ubaoni."

Nyuma kabisa mtu alicheka, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi. Mtoto alikuwa hajui la kufanya na titi. Alilishika, akaliachia, akaliangalia kama kitu cha mtu mwingine. Siku nane alikuwa ananyonya mpira wa chupa.

Nieleze ilivyokuwa, maana kila nikisimulia habari hii watu huniuliza: na wewe uliyesoma, uliwaachiaje mtoto? Swali ni la haki. Nitalijibu kwa urefu wake.

Mwaka ule sisi wa Makere tulikuwa ndiyo kwanza tumehamishiwa kijijini. Zamani kila mtu alikaa kwenye shamba lake, na kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na migomba na kibonde. Ugonjwa ukitaka kwenda kwa jirani ulilazimika kutembea. Sasa nyumba zilipangwa mstari, mlango unatazama mlango, na surua ilipoingia haikutembea tena. Iliinama tu upande wa pili. Katika mstari wetu hapakupona nyumba yenye mtoto mdogo. Binti yangu wa kwanza, wa miaka miwili na nusu, alishikwa siku ya soko: macho mekundu, midomo imechubuka, anaogopa hata mwanga wa mlango. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane na tumbo limeshuka.

Nilimbeba hadi zahanati. Nikakuta kufuli, na karatasi imebandikwa: Mhudumu yuko kozini.

Muuguzi wetu alikuwa mmoja. Ndiye aliyenizalisha huyo binti, ndiye aliyekuwa na dawa ya macho, ndiye pekee katika mistari yote ile aliyejua mtoto wa surua apewe nini na asipewe nini. Na akaitwa katikati ya surua kwenda kufundishwa jinsi ya kuboresha huduma ya watoto wachanga wakati wa surua. Waliitwa wote, wa zahanati zote za upande huu, kwa wiki tatu. Sijui ni nani aliyekaa ofisini akaona hilo ni jambo la akili. Moto unawaka, unakusanya ndoo zote unazipeleka mahali zikafundishwe kuchota maji.

Mama yangu alikuja kukaa na mgonjwa. Mume wangu ni bwana shamba, mtu wa kutoka mkoa mwingine aliyeletwa huku na serikali, na kwa siku zile alikuwa Rungwe Mpya akipima mashamba. Alikuja kwa baiskeli, akatafuta lori la maharage, akaniweka mbele na dereva. Tukaenda kwenye kituo cha afya ambako kozi ilikuwa inafanyika. Kiko kwenye barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo. Jina lake silitaji. Tulifikiri: kama wauguzi wote wako pale, basi hakuna mahali salama zaidi pa kuzalia. Na kuzaa kwenyewe kulikwenda vizuri, sisemi uongo. Mtoto wa kiume, kilo tatu na robo, analia kama anadai kitu chake. Nilikaa naye usiku mmoja na nusu siku.

Kisha mkufunzi akapita na ubao wa kuandikia mkononi. Alikuwa mganga msaidizi aliyetumwa kutoka mjini, mtu wa kunyoosha suruali kwa pasi hata katika kituo ambacho pasi hakuna, sijui alitumia nini. Aliniuliza kama nyumbani kwangu kuna surua. Nikamjibu kweli: ipo, binti yangu anaumwa. Akaandika. Akasema kwa mujibu wa maelekezo, mtoto mchanga wa mama aliyetoka kwenye nyumba yenye surua atengwe na mama huyo siku kumi na nne, alishwe maziwa ya kopo kwa chupa, chini ya uangalizi wa wanakozi.

Nikamwambia surua niliugua nikiwa mdogo, mama yangu anayo habari yote.

"Hayo ni maneno ya nyumbani," alisema. "Sisi tunafuata sayansi."

Neno hilo lilinimaliza. Nilimaliza Kidato cha Nne. Katika familia yetu na kwa majirani nilikuwa mimi ndiye wa kuwaambia wengine wachemshe maji, wachimbe choo, waache kumpeleka mtoto kwa waganga wa kienyeji. Niliona aibu kubishana na sayansi mbele ya wanawake ambao hawakwenda shule. Nikamtoa mtoto. Niliutoa ule mzigo mdogo wa blanketi kwa mikono yangu miwili. Nasema hivi ili ijulikane kwamba hakuna aliyeninyang'anya.

Na si hilo tu.

Kitanda cha pili kutoka changu alilala mwanamke wa Burundi. Alivuka mpaka huko Mabamba akiwa na mimba, akapakiwa kwenye lori pamoja na wenzake kupelekwa kwenye makazi ya wakimbizi. Uchungu ukamkamata njiani, wakamshusha hapo, lori likaendelea na jamaa zake wote. Ndani ya lori kulikuwa na watoto wenye surua, kwa hiyo naye akaandikwa. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno ya kununulia chumvi, lakini Kirundi chake na Kiha changu ni ndugu, tulielewana bila shida. Mkufunzi alipoona mama huyu amemkumbatia bintiye na hataki kumwachia, aliniita.

"Wewe mama wa Fomu Foo, hebu mweleweshe mwenzako."

Nikamwelewesha. Nilitumia nusu saa nzima. Yeye akasema lile lile nililokuwa nimesema mimi: hiyo aliugua utotoni, na mama yake aliugua, na haimrudii mtu.

"Hawa wamesoma," nilimwambia. "Wanajua wanachofanya. Ni siku kumi na nne tu."

"Na wewe umempa wako?"

"Ego. Nimempa."

Akamwachia mtoto. Aliniamini mimi. Hakumwamini yule mtu wa suruali wala karatasi yake.

Chumba cha watoto zamani kilikuwa stoo ya blanketi. Waliweka humo watoto saba kwenye makasha yaliyotandikwa mashuka, saa ya ukutani, jiko moja la mafuta ya taa, na chupa tano. Tano kwa watoto saba. Ratiba ilikuwa kila baada ya saa tatu, na mtoto akilia kabla ya wakati aliachwa alie, kwa sababu somo la wiki lilikuwa nidhamu ya ratiba. Wanakozi waligawanywa makundi, kila kundi zamu yake ya kukoroga maziwa na kuchemsha chupa. Siku mbili za mwanzo walichemsha kweli, nilikuwa nauona mvuke. Siku ya tatu mafuta ya taa yakapungua, ikawa wanazimwagia chupa maji ya moto. Siku ya tano wakawa wanazisuuza tu kwenye beseni, zote tano katika maji yale yale, na mpira wa kunyonyea umening'inia ukutani kwenye msumari na inzi wake. Makopo nayo yalipaswa kufika mwisho wa kozi, kwa hiyo kijiko kilichojaa kikawa kijiko cha kukatwa usawa, kisha nusu. Maziwa yakawa na rangi ya maji ya kuoshea mchele.

Sisi tulilala upande wa pili wa ua na matiti yamekuwa mawe. Mwenzangu ndiye aliyenifundisha kukamua kwa kitambaa cha moto. Tulikamua kwenye kikombe cha bati, tukaenda kumwaga kwenye shina la mgomba nyuma ya jiko. Kwao maziwa ya mama yana jina lake, amaberebere, hawayaiti kwa jina moja na ya ng'ombe. Alikuwa akiyamwaga polepole, akiyasindikiza kwa macho. "Haya ya asubuhi," alikuwa akisema. "Haya ya saa sita." Kama mtu anayempangia mtoto chakula mezani.

Siku ya sita nilimkamata muuguzi wetu wa Makere kwenye tangi la maji. Alikuwa anaosha chupa, na aliponiona alijifanya anatafuta kifuniko.

"Dada, mwanangu anaharisha."

"Kidogo tu. Anayazoea maziwa."

"Nimeona shuka lake kupitia dirishani. Si kidogo."

"Mama, tuna utaratibu. Tunaandika kwenye chati."

"Wewe ulinizalisha binti yangu. Uliniwekea kifuani hata kitovu hakijakauka, ukaniambia mnyonyeshe sasa hivi, usingoje mtu."

"Hiyo ilikuwa kabla ya kozi," alisema.

Hakuwa anatania. Kwanza nilifikiri anatania, nikangoja acheke. Alikuwa mwanamke mwema, mwenye akili, aliyekuwa ameokoa watoto Makere kwa taa ya kandili na mikono yake, na wiki moja ya kozi ilikuwa imemfundisha kutokuamini alichokiona kwa macho. Nikamuuliza kwa nini hasemi darasani. Akasema asiyefaulu hapewi cheti, na asiye na cheti atarudishwa kuwa mfagizi. "Na Makere mtabaki na nani?" aliniuliza. Nilimchukia kwa swali hilo.

Mume wangu alikuja Jumapili. Alisimama dirishani dakika zake kumi, akarudi amenywea. Lakini alisema, "Vumilia. Siku kumi na nne si mwaka."

"Kwako si mwaka."

"Unataka nifanye nini? Yule ni mtu wa serikali, na mimi ni mtu wa serikali."

"Na mtoto ni mtu wa nani?"

Akafunga kamba ya baiskeli. Binti yetu, aliniambia, amepata nafuu, vipele vinakauka. Mama yangu alikuwa anampa uji mwembamba na maji ya ndizi, akimfuta macho kwa maji ya chumvi. Yule aliyekuwa na surua yenyewe, asiye na muuguzi wala kozi, alikuwa anapona.

Basi, siku ya tisa ikawa ile niliyoanza nayo.

Nikiwa nimekalia kiti chake, mkufunzi aligeukia mabenchi akamwita muuguzi wetu. "Wewe wa Makere. Huyu ni mtu wako. Mchukue mtoto umrudishe mahali pake."

Akaja. Alinyoosha mikono. Alikuwa karibu kiasi cha kuona utosi wa mwanangu, ulivyobonyea kama sahani.

"Chukua," nilimwambia kwa Kiha. "Chukua upate cheti."

Mikono ilibaki hewani. Kisha akaishusha, akarudi akakaa kwenye benchi. Watu wanaposimulia habari hii humfanya shujaa. Hakuwa shujaa. Hakumchukua mtoto, basi. Lakini wengine kumi na nane hawakufanya hata hilo.

Mkufunzi alisema nitaripotiwa. Nikamwambia aanze kuandika kwa sababu mimi pia nitaandika. Hilo nalo nilisema kwa hasira tu, sikujua kama nitalifanya. Mtoto alikuwa amekamata titi hatimaye, kwa unyonge, na maziwa yalikuwa yanatoka kwa shida upande mmoja. Nikatoka naye, nimemfunika kwa kitenge.

Nilikwenda moja kwa moja wodini kwa mwenzangu.

"Nenda kamchukue wako. Sasa hivi."

"Ulisema siku kumi na nne."

"Nilikosea."

"Wewe umesoma."

"Nilikosea, nakwambia. Inuka."

Tulikwenda wote wawili, mimi na mtoto mgongoni. Tukakuta mlango umefungwa kwa ufunguo. Mlinzi akasema amri ni kwamba hakuna mtoto mwingine wa kutoka. Mimi walikuwa wameshindwa nami, eti kwa sababu nilikuwa na kelele na mume mwenye cheo. Yeye, alisema mlinzi, ni mkimbizi, na mtoto wa mkimbizi hawezi kutolewa bila ruhusa ya ofisa wa makazi. Ofisa huyo alikuwa Kibondo. Nikamuuliza mlinzi, "Mtoto wa siku kumi amekimbia nini?" Akaniambia nisimtafutie ugomvi, yeye ana amri tu.

Tulikaa kwenye baraza hadi saa kumi jioni, saa ya dirisha. Muuguzi wetu alikuwa zamu. Alifungua dirisha kama kawaida, akatazama nyuma, kisha akampitisha yule mtoto nje kwa mikono miwili, kama mtu anayepitisha sahani ya chakula. Kisha akafunga.

Mtoto yule alikuwa anaharisha maji matupu, hakuweza kunyonya. Mama alimkamulia mdomoni, tone kwa tone, na matone yakatoka upande wa pili wa mdomo. Alikuwa amekunjamana uso kama kikongwe. Kesho yake saa sita mchana alikata roho akiwa kifuani pa mama yake, na mama hakujua mara moja, aliendelea kukamua.

Karani alikuja na rejista. Aliiweka juu ya kitanda changu ili aandike, nami najua kusoma herufi hata zikiwa zimepinduka. Kwenye nafasi ya chanzo cha kifo aliandika: Surua.

"Vipele viko wapi?" nilimuuliza.

"Vipele gani?"

"Vya surua. Nionyeshe kimoja."

Akanitazama kama nimemwomba kitu cha kitoto. "Mama, kozi hii ni ya surua. Ulitaka tuandike nini?"

Daktari mmoja niliyekutana naye baadaye aliniambia kwamba mama aliyewahi kuugua surua humpa mtoto kinga akiwa bado tumboni, na inamlinda miezi ya mwanzo. Yaani watoto wale saba huenda ndio waliokuwa salama kuliko watu wote katika wilaya nzima. Kinga ambayo hawakuwa nayo ni ya beseni lile.

Tulizika nyuma ya kituo, wanawake watano na mlinzi aliyechimba. Hapakuwa na mtu wa kwao hata mmoja. Tuliporudi wodini mwanangu alikuwa analia, na mimi upande mmoja ulikuwa umekauka kabisa. Yule mama alimchukua kutoka mikononi mwangu bila kuniuliza, akamnyonyesha. Nikabaki nimesimama. "Yananiuma," alisema. "Bora yatoke." Alimnyonyesha siku tano, na ndiyo maana mwanangu yupo. Sasa ana miaka mitatu, ni mkorofi, anapenda kuchezea moto. Sijui neno la kushukuru kitu kama kile na sijalitafuta.

Siku ya mwisho, lori la wakimbizi lilipopita kumchukua, aliniuliza jambo moja. "Yule mtu aliandika nini kwenye kitabu?"

Nikamwambia.

"Oya," akasema, yaani hapana. "Si hiyo. Wewe unajua kuandika. Iandike."

Hakusema kwamba mimi ndiye niliyemwambia amtoe mtoto. Angesema ningepumua.

Wiki hiyo hiyo niliona wanakozi wanafunga mizigo. Muuguzi wetu alikuwa amepata cheti chake, na hakunionyesha. Nikamuuliza vile vitu vinakwenda wapi, chupa na makopo yaliyobaki na ile saa. Akasema kozi imesifiwa huko juu, na Jumatatu Landrova inahamishia vifaa Kibondo, wakaanze na wahudumu wa huko. Mkufunzi yule yule, maelekezo yale yale. Nilifikiri wodi ya wazazi ya huko, na wanawake wanaoshushwa kwenye malori kutoka mpakani, na kwamba pale pia watamtafuta mama mmoja aliyesoma awe mkalimani.

Niliandika barua tatu. Ya kwanza nilimwita mkufunzi muuaji, na ya pili nilimwita mambo ambayo mwanamke wa ndoa haandiki. Zote nilizichana. Mume wangu alisoma ya tatu akiwa amesimama, akasema itamharibia kazi. Nikamwambia jina lake halimo. Akasema, "Jina langu lipo kwa sababu uko nyumbani kwangu." Nikamjibu basi nitaandika kwamba nakaa kwa mama yangu. Asubuhi alinipakia kwenye baiskeli mwenyewe hadi tulipopata lori.

Karani wa mapokezi wa ofisi ya Mganga Mkuu, Kasulu, alitaka niiache barua juu ya meza. Nilikaa na mtoto mapajani hadi akaigonga muhuri wa kupokelewa, nakala zote mbili, ile ya kaboni nikabaki nayo. Hii ndiyo:

*Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.*

*Ndugu,*

*YAH: MALALAMIKO JUU YA KUTENGWA KWA WATOTO WACHANGA NA MAMA ZAO KATIKA KOZI YA WAHUDUMU WA AFYA*

*Mimi ni mzazi niliyejifungua katika kituo kilichotajwa kwenye bahasha. Nalalamika rasmi kama ifuatavyo.*

*Mtoto wangu na watoto wengine sita walitengwa na mama zao kwa sababu ya surua iliyokuwa makwao. Mama zao wote niliowauliza waliwahi kuugua surua na walisema hivyo, hawakusikilizwa. Watoto walilishwa maziwa ya kopo yaliyozidishwa maji, kwa chupa tano zisizochemshwa. Wangu aliharisha akapungua chini ya uzito wa kuzaliwa. Chati ya wanakozi wenyewe inaonyesha hivyo. Naomba iitishwe.*

*Binti wa mama mkimbizi kutoka Burundi alifariki siku moja baada ya kutolewa katika chumba hicho. Rejista imeandikwa kwamba alikufa kwa surua. Hakuwa na kipele hata kimoja. Nilimvisha sanda mimi mwenyewe, nilimwona mwili mzima. Alikufa kwa kuharisha. Naomba rejista isahihishwe, na mama yake apewe karatasi iliyo sahihi huko aliko kwenye makazi.*

*Mama huyo alikataa kumtoa mtoto wake. Mimi ndiye niliyemshawishi kwa lugha yake, kwa ombi la mkufunzi. Naandika hili ili isisemwe kwamba alikubali kwa hiari yake. Kama kuna wa kuulizwa juu ya kukubali kwake, niulizwe mimi.*

*Kozi hiyo inahamia Kibondo Jumatatu. Naomba kabla ya siku hiyo maelekezo ya kuwatenga watoto yafutwe, mama wanyonyeshe watoto wao, na zahanati zirudishiwe wahudumu wake maana surua bado ipo. Endapo hayatafutwa, naomba nijulishwe, niende Kibondo kwa nauli yangu nikawaambie akina mama wa huko wasiwatoe watoto wao. Kiha na Kirundi najua.*

*Nakala: Mganga Mkuu wa Wilaya, Kibondo.*

*Nasubiri majibu. Mleta barua hii ni mimi mwenyewe, nimekaa nje kwenye benchi.*